Huyu Salming namba 21 alikuwa nani hadi mtu alie kwa kuona jina lake?

Mgumu wa Marangu (Moshi)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kuna jezi ya bluu ya mikono mirefu niliipata soko la Memorial kwenye marobota ya nguo za baridi. Kifuani ina jani jeupe, mgongoni imeandikwa SALMING na namba 21. Ni nzito, upepo hauipenyi kirahisi, kwa hiyo nikifika kambi ya Horombo ndiyo ninayovaa.

Juzi nimekaa nje ya jiko namenya viazi, mgeni wa kundi jingine akaja akasimama nyuma yangu. Mzee wa Kiswidi. Nikadhani anataka maji ya moto. Akaniwekea mkono begani, akauliza nimemjuaje huyu mtu. Nikamwambia ukweli, ni nguo ya mtumba tu. Akaomba apige picha mgongo wangu, na wakati anapiga machozi yakamtoka. Mtu mzima kabisa, mbele za watu. Muongoza wageni wao akaniambia baadaye kwamba mwenye jina alikuwa mchezaji wa hoki ya kwenye barafu na ameshafariki.

Naomba anayemjua anieleze. Alikuwa mtu wa namna gani? Sipendi kutembea na jina la marehemu mgongoni bila kujua habari zake.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Mkuu, hoki ninayoijua mimi ni ya kwenye majani, ile Tanzania tulienda nayo Olimpiki ya Moscow 1980. Hii ya barafu nimechungulia tu mtandaoni: Börje Salming, Mswidi, beki wa Toronto Maple Leafs ya Kanada, amefariki 24 Novemba 2022 akiwa na miaka 71. Zaidi ya hapo sina. Ila humu kuna mzee wetu fundi, aliwahi kusimulia maisha ya Kanada kwenye uzi wa matrekta. Fundi wa Basotu, shikamoo, unaitwa huku.

Fundi wa Basotu (Njiro, Arusha)

Marahaba. Nimeitwa na nimeitika, na leo mtanivumilia kwa urefu maana huyu ni mtu wangu.

Mgumu, mwanangu, pole na mizigo, na asante kwa kuuliza.

Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya ngano Hanang, enzi za mradi wa Tanzania na Kanada. (Habari ya malisho ya Wabarbaig yaliyogeuzwa mashamba ya ngano naijua na inaniuma. Ina uzi wake, tusiichanganye hapa.) Majira ya baridi ya 1975 kuingia 1976 nilipelekwa kozi ya mashine za kuvunia huko Saskatchewan, nikawekwa kwa familia ya mkulima. Kule wakati huo ardhi yote ni nyeupe hadi upeo wa macho, ukivuta pumzi pua inaganda kwa ndani. Jumamosi usiku familia nzima inashuka chumba cha chini, runinga inawashwa, bisi zinapita kwenye bakuli, na hakuna kuongea mpaka mapumziko. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, kwa hiyo mapumziko ni mawili, na humo ndimo mzee wa nyumba alinifundishia hoki. Kwamba uwanjani kila timu ina watu sita pamoja na kipa. Kwamba wanabadilishana kabla hata dakika haijaisha, maana kwa mwendo ule hakuna mapafu yanayohimili zaidi. Kwamba kinachopigwa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, na kinagandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde.

Nilianza kumwona Salming kabla sijaelewa lolote kati ya hayo. Wengine wakifikiwa na kile kisahani wanakipiga mbele kukiondoa. Yeye anakichukua nyuma ya goli lake, anainua kichwa, anatazama uwanja mzima, ndipo anaanza kukimbia nacho. Mabeki wa siku zile kazi yao ilikuwa kubomoa, na huyu alikuwa akianzisha mashambulizi. Halafu dakika moja baadaye unamwona amejilaza kwenye barafu, amelitega shuti kwa mbavu ili lisimfikie kipa. Mzee wa nyumba alikuwa akiona hivyo anajipiga paja kwa kiganja bila kusema neno.

Sasa ametoka wapi. Alizaliwa 17 Aprili 1951 karibu na Kiruna, mji wa machimbo ya chuma kaskazini kabisa mwa Sweden. Baba yake alikuwa na asili ya Wasami, wenyeji wa kule wanaochunga kulungu kwenye theluji. Huyo baba alifia mgodini, na Börje alikuwa na miaka mitano tu. Watu wa Mirerani hamhitaji kuelezwa nyumba inabaki vipi baada ya hapo. Yeye na kaka yake Stig wakakua na hoki, akachezea klabu ya Brynäs, akachukua ubingwa wa Sweden 1971 na 1972.

Toronto walimpata kwa bahati. Mwishoni mwa 1972 walimtuma mtu wao, Gerry McNamara, akamwangalie kipa fulani huko Sweden. Akarudi na habari za Salming na mwenzake Inge Hammarström. Wakaingia Toronto pamoja mwaka 1973.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wakati ule NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, ilikuwa ya Wakanada na Wamarekani wenyewe, na Mzungu wa Ulaya alionekana laini, mwoga. Walimwita kuku wa Kiswidi. Walimchapa magongo ya mikono na miguu, wakambamiza kwenye mbao za ukuta hata akiwa hana kisahani. Mwanzoni tu mwa msimu wake wa kwanza alikwenda Philadelphia, kwenye timu iliyokuwa na sifa ya kupiga watu kuliko zote, wakamwanzishia ugomvi, naye akasimama akapigana. Hakuwa mtu wa ngumi. Alipigana kwa sababu angekimbia siku ile wangemkimbiza miaka yote. Hammarström yeye hakuwa wa kupigana, na mwenye timu yao wenyewe, Harold Ballard, akamkejeli hadharani kwamba angeweza kuingia kwenye kona na mayai mfukoni yasivunjike hata moja. Mwenye timu, si adui! Mpaka leo nikikumbuka hilo nakasirika kwa niaba ya yule bwana.

Mnazi wa Kaloleni (Arusha)

Shikamoo mzee. Simulizi tamu sana, ila mimi ni mtu wa mpira na kwetu sisi mchezaji anahesabiwa kwa makombe. Alichukua mangapi huko Toronto?

Fundi wa Basotu

Marahaba kijana. Hakuchukua hata moja. Toronto mara ya mwisho kubeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, ilikuwa 1967, miaka sita kabla hajafika, na mpaka leo hawajalibeba tena. Alicheza misimu 16 pale, mingi ikiwa na timu mbovu na uongozi wa ovyo, akamalizia msimu mmoja Detroit. Jumla ya mechi zake za ligi ni 1,148, magoli 150 na pasi za magoli 637, na usisahau ni beki. Mtu wa kwanza kutoka Ulaya kufikisha mechi 1,000 kwenye ligi ile ni yeye. Mara sita alitajwa kwenye kikosi bora cha msimu, cha kwanza au cha pili. Mwaka 1996 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa hoki, Mswidi wa kwanza.

Lakini ukitaka kujua kwa nini watu wanamlilia, takwimu hazitakufikisha. Ngoja nikupeleke Aprili 1976, na hii niliiona kwa macho yangu kwenye ile runinga.

Ni hatua ya mtoano, Toronto na Philadelphia hao hao, ambao walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo. Mechi ya tatu ilikuwa Alhamisi, uwanja wa Toronto. Mchezaji wao mmoja, Mel Bridgman, alimkamata Salming akamshushia ngumi hadi akalala chini. Ilikuwa vurugu kubwa kiasi kwamba mwanasheria mkuu wa jimbo la Ontario aliwafungulia mashtaka ya jinai wachezaji wa Philadelphia, na Bridgman akiwemo, yeye kwa kumshambulia Salming. Sijapata kusikia tena mechi inayomalizikia polisi namna ile. Ijumaa Kuu nzima pale nyumbani ilizungumzwa habari hiyo, kanisani pia, watu wamesimama nje kwenye baridi baada ya ibada wanauliza kama kijana atarudi uwanjani.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka akarudi. Uso una alama. Siku hiyo hiyo anatimiza miaka 25. Ikafika wakati Darryl Sittler, nahodha, akampasia katikati ya uwanja, na mbele yake pakawa na nafasi. Ndugu zangu, alivyoondoka pale! Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Bernie Parent, kipa bora wa zama zile, akakipandisha kisahani juu, kikaingia. Uwanja mzima ukasimama, na hawakukaa. Wanapiga makofi, wanatulia kidogo, yanaanza upya. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida anafuma soksi wakati sisi tunaangalia, alisimama na soksi yake mkononi. Nami nikasimama. Nilikuwa Mwafrika peke yangu kwenye wilaya ile, nimekaa miezi ya baridi natazamwa kila ninapoingia dukani, na nikajikuta nashangilia mtu wa Sweden pamoja na wakulima wa Kanada kama tumezaliwa nyumba moja.

Toronto walishinda 4 kwa 3 usiku ule. Mfululizo wote wakaja kuupoteza kwenye mechi ya saba. Lakini muulize Mkanada wa umri wangu akutajie kitu cha mwaka ule, ataanza na goli hilo. Au atakutajia Februari, Sittler alipofunga magoli sita na kutoa pasi nne kwenye mechi moja dhidi ya Boston, rekodi ambayo haijavunjwa.

Septemba mwaka huo huo mimi nilikuwa nimesharudi Basotu. Mzee wa nyumba akaniandikia barua, ndani ameweka kipande cha gazeti. Kulikuwa na mashindano ya mataifa, Sweden wamekwenda kucheza na Kanada palepale Toronto. Wachezaji wanatajwa mmoja mmoja. Lilipotajwa jina la Salming, amevaa jezi ya Sweden, amekuja kuifunga Kanada, uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi kwa muda mrefu mpaka mwenyewe hajui aangalie wapi. Mnazi, wewe umeona wapi mashabiki wa nyumbani wakimsimamia mchezaji wa timu pinzani kabla ya mechi? Kombe utalipataje kwa wingi kuliko hapo?

Mnazi wa Kaloleni

Hapo mzee umenimaliza. Nafuta swali langu. Endelea.

Dada wa Soweto (Moshi)

Shikamoo baba. Naomba niulize upande mwingine. Nimesoma kwamba alikufa kwa ALS. Baba mkwe wangu ana ugonjwa huo. Ulianza kwa kikombe cha chai kumponyoka mkono wa kulia, kisha vifungo vya shati vikamshinda, watu wakasema kiharusi, wengine wakasema karogwa, tumezunguka sana hadi tulipopata daktari wa mishipa ya fahamu aliyekaa naye akatueleza vizuri. Kwamba neva zinazoamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo, akili inabaki, kuhisi kunabaki, na mwisho ni kumeza na kupumua. Akatuandikia riluzole, akasema inachelewesha kidogo tu, haiponyi. Yeye alikuwa mwalimu wa michezo sekondari, mtu wa kukimbia Machame kupanda na kushuka kila asubuhi. Ningependa kumsimulia habari za mwanamichezo aliyepata kama yeye, ila sitaki nimvunje moyo. Huyu Salming aliuchukuliaje?

Fundi wa Basotu

Pole sana mwanangu. Mpe mzee salamu zangu, mwambie fundi wa Njiro anamwombea kwa jina, ukipenda nitumie jina lake pembeni.

Nitakueleza ninayoyajua. Salming alikuwa mtu wa mwili mgumu kuliko kawaida. Novemba 1986 kwenye mechi na Detroit aliangushwa golini kwake, kiatu cha mchezaji wa Detroit chenye kisu cha chuma kikamkanyaga usoni kuanzia juu ya jicho hadi kwenye mdomo. Alishonwa zaidi ya nyuzi 200. Wakanada wa karakana kwetu walileta habari hiyo na picha yake, tukakaa kimya tukiitazama. Akapona, akarudi kucheza. Alicheza Olimpiki ya 1992 akiwa na miaka 40. Alikuwa pia na biashara ya nguo na vifaa vya michezo yenye jina lake, viatu vyake hata mtumbani vinapita.

Ugonjwa ulitangazwa Agosti 2022. Na ulikwenda kwa kasi. Novemba alishindwa kuongea, mkono mmoja hauinuki. Hata hivyo alipanda ndege kutoka Sweden na mke wake na watoto wake akaenda Toronto kuaga. Mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu. Ilikuwa tarehe 11, jioni ya kuwaheshimu wakongwe wa hoki. Ametoka taratibu, amevaa bluu, upande mmoja Sittler, upande wa pili Mats Sundin, Mswidi mwenzake aliyekuja kuwa nahodha wa timu hiyo hiyo. Watu wakasimama kama walivyosimama 1976, na safari hii wengi waliokuwemo hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Salming akawa analia bila sauti. Alitaka kuwapungia. Sittler akaushika mkono wake akauinua, na Sittler mwenyewe uso umelowa, hajifichi. Mimi sikuweza kuimaliza mara ya kwanza, nilimrudishia mjukuu simu.

Kesho yake kulikuwa na mechi nyingine, na kocha akaanza na Waswidi sita, kipa akiwemo. Sita! Kwenye timu ambayo 1973 Waswidi wawili walionekana mkosi. Huo ndio mlango alioufungua, kwa mbavu na kwa uso, na waliopita wakapata nafasi ya kumgeukia na kumwonyesha wamepita. Siku 12 baadaye akafariki.

Kwa hiyo ukiniuliza umsimulie baba mkwe au usimsimulie, mimi nasema msimulie, lakini anza na goli la Pasaka. Yeye ni mwalimu wa michezo, ataelewa mbio zile kuliko sisi wote. Habari ya ugonjwa mwache aiulize mwenyewe akitaka. Na hili la mkono ulichukue wewe na mumeo: Salming hakufichwa ndani. Familia yake ilimtoa mbele za watu akiwa hawezi kusema wala kujipungia, wakamshika, na watu wakampenda vilevile. Baba mkwe wako ana wanafunzi mji mzima. Waiteni waje wakiwa bado anawatambua na anaweza kuwacheka kwa macho.

Dada wa Soweto

Asante baba. Nimeisoma kwa mume wangu kwa sauti. Jumapili baada ya ibada tunaanza kuwaita, kuna wawili wako hapahapa Majengo na mmoja ni mwalimu sasa.

Mgumu wa Marangu

Mzee shikamoo, na asante mno. Sikutegemea kupata haya yote. Nataka na wenzangu wa kazi wayaone kwa macho. Niandike nini kwenye simu nipate hilo goli? Bando langu dogo, nisije nikalimalizia kwenye ngumi.

Fundi wa Basotu

Marahaba. Andika Salming, 1976, Bernie Parent. Zikija za ugomvi ziruke, hizo hazikosi watazamaji. Ukipata ile yenyewe, picha ni ya zamani na imefifia, kisahani hutakiona vizuri, kwa hiyo usikitafute. Mtazame Sittler anapogeuka na pasi, halafu mwangalie Salming miguu. Ni hatua chache tu kabla hajampita mtu wa mwisho, usipepese. Na sauti iweke juu, makofi yake ni marefu kuliko goli.